Anayebeba Bila Mgongo

Asubuhi ninayoikumbuka kuliko zote za maisha yangu, Yusufu mwanangu, ilinikuta nimelala ndani ya chumba cha plastiki hapa Beni. Kuta zake zilionyesha kila kitu, na upande wa pili nyanya yako alikuwa ameketi juu ya kiti cha kuazima, akinitazama kama mtu anayetazama sufuria ya maharage isiyotaka kuchemka. Nakuandikia habari hiyo kwa sababu ya sauti uliyonitumia kwa simu jana. Niliisikiliza sokoni Bungulu, nikaisikiliza tena nyumbani, na mara zote mbili nilicheka kidogo. Usikasirike. Nilicheka kwa sababu naijua homa yako, nilikwisha kuumwa hiyo hiyo kabla yako.

Unasema tangu uanze kusoma tauhidi huko Butembo, dua haitoki tena kinywani. Mwalimu wako anawafundisha tanzihi, yaani kumtakasa Mungu na kila mfano wa viumbe: hana mkono, hana uso, hana mahali, hana juu wala chini. Mwenzako mnayekaa dawati moja anakuambia la, mkono umetajwa na uso umetajwa, na anayekanusha amekwisha kutoka katika dini. Nawe ukiinua viganja, moyo unakuuliza, anatazama kwa jicho gani huyu unayemwomba akutazame? Mwisho ukasema, "Mama, nikiomba naogopa kuomba sanamu, na nisipoomba naogopa kufa sijaomba."

Mwanangu, maneno hayo niliwahi kuyasema mimi, karibu neno kwa neno, nikiwa na sindano ya maji mkononi. Kuishi kwingi ni kuona mengi. Kaa nikusimulie.

Unajua kwamba sikuzaliwa Mwislamu. Nilizaliwa Kavira, binti wa Waprotestanti wa Butembo, mama yangu akiuza maharage ya Lubero siku sita na kuimba kanisani siku ya saba. Nilipoolewa na marehemu baba yako, ambaye babu zake walikuja na biashara kutoka Maniema, niliingia dini yake kwa hiari ya moyo wangu. Nyanya yako hakulia wala hakununa. Aliniambia tu nisiache kusali, akaendelea kupima maharage yake. Katika tarika, njia ya watu wa zikri, niliingia baadaye sana, baba yako alipokwisha kufariki na wewe u mtoto wa shule ya msingi. Kwa hiyo nikitaja ujana wangu katika njia hii usihesabu mvi. Wajukuu nilikuwa nao, lakini mbele ya Mungu nilikuwa bado najifunza kutambaa.

Mwalimu wetu alikuwa Shehe Ramazani, unamjua, yule muuza mafuta ya mawese mwenye ulimi mkali. Anayedhani kwamba mtu wa zikri lazima awe mpole kama maji ya mtungini, huyo hajamwuliza Shehe bei ya mafuta. Kila Alhamisi baada ya alasiri tulikutana uani kwake. Siku moja alitangaza kwamba sasa tutasafisha nyumba. Alitaka kila mmoja afumbe macho, aseme "Mungu", kisha aeleze bila haya ameona nini.

Fundi mmoja wa pikipiki alisema ameona taa kubwa. Mama mmoja akasema wingu. Mimi nikafumba macho, nikaona ndevu nyeupe. Nikazitazama vizuri, nikazitambua. Zilikuwa ndevu za mzee wa kwenye kalenda iliyotundikwa dukani kwa jirani yetu Mkatoliki nilipokuwa mtoto Butembo! Miaka yote ile ya swala na saumu, kumbe nilikuwa nasujudia kalenda ya dukani. Niliposema hivyo, ua mzima ulicheka, na mimi pia.

"Tosha inje," akasema Shehe, mkono ukifagia hewa. "Tosha taa, tosha wingu, tosha na kalenda ya Mama Yusufu. Kila kitu chenye kinakuya mu akili yako, Mungu haiko ile."

Kazi hiyo ilinipendeza mno. Mimi ni binti wa muuza maharage, nimelelewa na ungo magotini, na kuchagua najua: jiwe huku, makapi kule, punje iliyotobolewa na wadudu nje. Nikatoa ndevu. Nikatoa kiti cha enzi, nikatoa mkono, jicho na sikio. Niliona raha kama mtu aliyepiga deki nyumba nzima, na hata wewe uliposema siku moja kwamba Mungu amekuona ukinisaidia kuchota maji, nilikuuliza amekuona kwa macho gani. Ukanitazama tu, maskini, na ndoo yako.

Ndipo Ebola ikaingia mtaani kwetu. Sitarefusha. Nilikwenda kumsaidia jirani aliyekuwa na homa, na hakuna aliyejua bado ni homa gani. Baadaye mwili wangu ukawaka, kichwa kikawa kizito, gari likaja kunichukua, na majirani wakasimama mbali kwenye milango yao bila hata mmoja kuinua mkono. Siwalaumu, kila mtu alikuwa na watoto ndani. Kituoni walipima damu, wakaniambia ninao ugonjwa. Wewe ulipelekwa kwa dada yako, wakawa wanakupima joto kila siku. Kila nilipokuwa na akili timamu niliwauliza wauguzi jambo moja, joto la Yusufu limesema nini leo.

Kile chumba, kama hukupata kukiona, kilikuwa cha mgonjwa mmoja tu. Wauguzi waliingia wamevaa njano toka utosini hadi nyayoni, huoni kitu ila macho, na majina yao yameandikwa kwa wino kifuani ili ujue ni nani. Ukutani palishonwa mikono mirefu yenye glavu, hata aliye nje aliweza kuingiza yake na kukushika bila kuvuka. Ndugu wa mgonjwa aliruhusiwa kuja mpaka upande wa pili, wakaonana na kuzungumza. Kugusana, hapana.

Nyanya yako akashuka kutoka Butembo. Wajomba zako walimkataza, akawajibu kwamba hakuwaomba ruhusa, alikuwa anawaaga. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Akatafuta kiti, akakiweka pale kwenye plastiki, akakaa tangu walipofungua mpaka walipomfukuza, na kesho yake akarudi.

Mimi nilikuwa na hakika kwamba nakufa. Aliyekuwa chumba cha jirani alikuwa amekwisha kufa. Basi nikataka kuomba. Nikafungua kinywa, nikasema "Ee," nikakwama. Ee nani? Kila jina nililolishika, mkono wangu mwenyewe ulilitupa nje, kama tulivyofundishwa. Ee Mwenye kusikia. Kwa sikio gani? Ee Mwenye huruma. Kwa moyo gani? Nilikuwa nimechagua maharage mpaka ungo umebaki mtupu, na njaa ilikuwa kali. Fimbo ya mbali haiui nyoka, na Mungu niliyebaki naye alikuwa mbali kuliko umbali wote. Sikuogopa kufa sana, mwanangu, nakuambia kweli. Niliogopa kwenda kwake nimefumba kinywa, au kukifumbua nikaita kalenda.

Nyanya yako, ambaye hakujua lolote kuhusu vita vyangu, akaanza kuimba. Ulikuwa wimbo wa Kinande aliotuimbia tukiwa wadogo, wakati wa kupanda mlima kutoka shambani. Unasema kwamba Nyamuhanga, Muumba, humbeba mtoto mgongoni mlima unapokuwa mkali, na mtoto analala bila kuuliza njia. Mwili wangu wote ulitaka wimbo ule. Nami nikainua kichwa kwa shida.

"Mama," nikamwambia, "hapana imba ile."

"Juu ya nini?"

"Mungu haiko na mugongo."

Nyanya yako alifikiri. Unamjua anapofikiri, husugua goti. "Haiko na mugongo," akarudia polepole. "Basi anakubebaka na nini?"

Nikageukia upande mwingine, lakini katika nyumba ya plastiki hakuna upande wa kujificha. Hakuimba tena siku ile, wala hakuondoka.

Kesho yake Shehe Ramazani akafika, analalamika tangu mlangoni kwamba wamemwosha mikono kwa maji ya klori mpaka ngozi inataka kubanduka. Alimsalimu nyanya yako kwa heshima, akainama kwenye plastiki.

"Mama Yusufu, unasalika swala yako?"

"Siwezi, Shehe."

"Haiwezekani. Mugonjwa anasalika hata na jicho tu. Sema, nini inakusumbua?"

Nikaanza kumweleza, lakini sauti haikuwa na nguvu ya kuvuka ule ukuta. Nyanya yako, ambaye alikuwa na masikio makali na kiti cha karibu, akawa ananisemea. Kwa hiyo Shehe aliisikia tauhidi yangu yote kutoka kinywani mwa mwimbaji wa kwaya ya Waprotestanti. "Anasema Mungu haiko na masikio," nyanya yako akaripoti. "Anasema haiko na mikono, haiko fasi yoyote. Anasema hajue tena aite nani. Anasema ni weye ulimufundisha."

Shehe alinyooka. Nilimwona anakasirika, na uso wake ulikuwa karibu kugusa plastiki.

"Miye? Miye nilifundisha nusu! Nusu ya pili ilikuwa ya Alhamisi yenye ilifuata, na weye ukagonjwa. Sasa unataka kufa na nusu ya somo?"

Nilicheka, Yusufu. Kifua kiliniuma kama kimechomwa, lakini nilicheka, na muuguzi mmoja akaja mbio kuona kumetokea nini.

Shehe akavuta kiti karibu na kile cha nyanya yako, akaketi, akashusha sauti. Akaniambia kwamba ile aya tunayoisoma kila mara ina nusu mbili na inasomwa kwa pumzi moja. "Hakuna kitu kinafanana naye, ile ni ya kwanza. Na yeye ndiye anasikia, ndiye anaona, ile ni ya pili. Weye ulibeba ya kwanza ukakimbia nayo. Ukisema Mungu hawezi kuwa karibu, umemuwekea mupaka. Ukisema iko karibu sawa mutu, umemuwekea mupaka pia. Bote babili banamufunga kamba. Mama Yusufu, tulitosha ndevu. Hatukutosha Mungu."

Nilihisi kitu kifuani kinaanza kulegea, lakini bado niliogopa kukiamini.

"Unafikiri nimekuya kuona weye tu?" akaendelea. "Siku ya hesabu Mungu ataulizaka mutu: niligonjwa, juu ya nini haukukuya kuniangalia?"

"Eh!" nyanya yako akashtuka. "Ile iko mu kanisa yetu pia!"

"Iko, Mama. Na kwetu, ule mutu atashangaa: weye Bwana wa dunia yote, unagonjwaka namna gani? Ataambiwa: mutumishi wangu fulani aligonjwa. Ungeenda kwake, ungenikuta kule." Akanielekezea kidole. "Donc, basi, miye nimekuya kumukuta. Nimetoka mbali, nimeoshwa mikono mpaka inaniwasha, na weye mwenyewe unalala hapa unasema iko mbali."

Hapo nililia. Sikuwa na maji mengi mwilini, lakini yaliyokuwepo yalitoka. Na kwa kuwa mimi ni mimi, hata katika kilio nikataka kuonyesha kwamba nimeelewa. Asubuhi ile muuguzi alikuwa ameingiza mikono katika zile glavu za ukutani akanishika kiganja muda mrefu, sikuona uso wake wala sikugusa ngozi yake, na bado nilijua nimeshikwa. Nikamwuliza Shehe, basi Mungu ni kama yule muuguzi?

"Hapana!" Akapiga goti lake. "Umetosha kalenda ya ndevu, sasa unatundika kalenda ya mavazi ya njano! Sikia. Unasema 'nishike', juu unahitaji kushikwa, na yeye mwenyewe amekupa ile neno. Kiisha unasema subhanallah, ametakasika, unaosha mudomo. Kiisha unasema tena 'nishike'. Ile ndiyo njia yetu yote. Usikae mu neno moja ukajenga nyumba."

Akaniambia nisijaribu kutikisa kichwa kama tunavyofanya katika zikri, pumzi inatosha. Inapotoka, niitoe pamoja na kila sanamu. Inapoingia, nimpokee Yeye mwenyewe, nisitafute sura yake.

Kisha akamgeukia nyanya yako. "Mama, nasikia ulikuwa unaimba. Imba."

"Hapana. Mutoto wangu amekataza."

"Alikataza juu alikuwa hajue nusu ya pili."

"Basi aseme mwenyewe."

Shehe akaniangalia, akainua mabega. Huyo mtu aliyeshindana na wafanyabiashara wa Beni yote alikuwa ameshindwa na mwanamke mmoja wa Butembo. Nyanya yako alitazama mbele, anasugua goti, hataki kunirahisishia. Nami nilielewa kwamba hapa hakuna wa kunisemea.

"Imba, Mama," nikasema. "Nataka kubebwa."

Aliimba. Sauti yake ilikuwa imezeeka, inakatika kwenye kupanda mlima, lakini aliimba wote. Shehe hakujua Kinande, lakini mwisho wa kila mstari alisema taratibu subhanallah, na nyanya yako alimsubiri amalize ndipo aendelee, kana kwamba wamefanya mazoezi pamoja miaka yote. Mimi nikavuta pumzi. Ee Unayesikia, si kwa sikio, nisikie. Nibebe. Subhanallah. Nibebe. Mwanangu, sijui nikuelezeje ule wepesi. Nilikuwa mgonjwa vilevile, kinywa kikavu, sindano mkononi, na nilikuwa na furaha. Nililala usingizi, wa kwanza tangu niingie mle, bila kumwuliza mtu joto la Yusufu, kwa sababu nilikuwa nimekwisha kumwambia anayelijua.

Homa ilichukua siku zake. Kulikuwa na siku mbaya baada ya ile, sitakudanganya, lakini hofu yangu ilikuwa imetangulia kupona, na mwili ukaifuata. Damu ikapimwa ikawa safi, ikapimwa tena ikawa safi. Waliniogesha, wakanipa nguo mpya, nikatoka kwa mlango mwingine, na wale wa njano wakapiga makofi. Nyanya yako alinishika kabla sijafika chini ya kivuli. Alinishika mikono, masikio, shingo, kama anayekagua kuku wa kununua, akisema "wasingya, wasingya," akimshukuru Nyamuhanga kwa Kinande chake, kisha akaniuliza huko ndani walikuwa wananilisha nini mpaka nimekonda hivi. Wewe ulikuwa mzima, hukupata hata mafua. Baada ya dhiki faraja.

Na nusu ya pili ya somo? Shehe alikuwa ameiahirisha kila Alhamisi mpaka nirudi. Baadhi ya watu waliogopa bado kukaa karibu na mtu aliyetoka kule, kwa hiyo alinikalisha mbele, bega kwa bega na mke wake, akaanza: "Leo tunarudisha vitu mu nyumba." Nilisikiliza kila neno.

Sasa nasaha yangu, mwanangu, uipokee kutoka kwa mtu aliyeilipia. Mwalimu wako ana haki. Msikilize, toa sanamu zako zote, hata zile nzuri unazozipenda, maana ukimpa Mungu sura utaishia kumpa sura yako, na hasira zako, na watu unaowachukia wewe. Mwenzako wa dawati naye ana haki ya kushikilia maneno ambayo Mungu mwenyewe ameyatumia, kwa kuwa hakutuletea ili tuyaonee haya. Kosa lao ni kwamba kila mmoja amebeba nusu na anamfukuza mwenzake kwa hiyo nusu. Mkono mmoja haulei mwana. Wewe usimwite yeyote kafiri kwa jambo hili. Waache wabishane, wewe uswali.

Wala usingoje kuelewa ndipo uombe. Mtoto aliye mgongoni hajui mama yake ana uzito gani wala urefu gani, hata jina lake halijui, na anabebwa. Mwite Mungu kwa neno unalolihitaji siku hiyo: nitazame, nisikie, nishike. Kisha useme ametakasika, ukijua kwamba anakutazama si kama watu watazamavyo. Kisha umwite tena. Ukiona hofu imerudi, ujue umekaa katika nusu moja muda mrefu mno, inuka uende kwenye ya pili. Na ukisikia mtu anaumwa, acha kitabu chako wazi mezani uende ukamtazame, kwa sababu kuna mambo ya tauhidi ambayo sikuyapata kwa kuketi uani.

Leo ukiinua viganja, anza na lile "Ee" lililonikwama mimi. Litatoka. Nami kutoka hapa Beni nakuombea, kitinda mimba wangu: Asiyefanana na chochote akutazame wewe. Asiye na mahali awe nawe hapo ulipo. Na Yeye ambaye mkono wake si kama mikono yetu, akushike mkono, wala asiuachie. Amina.